Kuvu ya Mwalimu Wanjugu

Kuna watu wa chuo kikuu ambao hadi leo nikipishana nao mjini nawasalimia kwa kidevu tu, kwa sababu walimwita wifi yangu mwongo. Mimi naitwa Shiru, nauza vifungo, nyuzi na zipu kwa jumla pale Ngara, na mambo ya maabara siyajui. Lakini Wanjugu nimekaa naye nyumba moja na kula naye sahani moja. Mtu ambaye konda akimzidishia chenji huirudisha, hata kama ameshashuka na gari limeanza kuondoka, hawezi kuamka asubuhi akaenda kuwadanganya maprofesa. Kisa chake kimesimuliwa na wengi, na wengi wamekitia chumvi. Nakisimulia mimi niliyekuwepo.

Wanjugu aliolewa na kaka yangu Karanja mwaka wa 2001, akaja kuishi nasi Woodley, katika ile nyumba ya mawe ambayo baba yetu, Mzee Zachariah, alipewa alipokuwa karani wa baraza la jiji. Mimi nilikuwa nimerudi hapo baada ya ndoa yangu kunishinda. Yeye alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya wasichana upande wa Barabara ya Ngong. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkimya hadi unaudhika, halafu ghafla anacheka peke yake kwa jambo alilosikia juzi. Mama yangu alimchunguza mwaka mzima akitafuta kasoro, asipate ila moja: kwamba alisoma akila.

Baada ya miaka mitatu ya ndoa alijiandikisha kwa shahada ya pili, masomo ya jioni na Jumamosi. Hapo ndipo kuvu ilipoingia nyumbani kwetu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mti wa muiri ambao Baba aliupanda alipohamia. Gome la muiri huchemshwa, na wanaume wakifika umri wa kusumbuliwa na mkojo hunywa yale maji. Baba alikuwa ameufikia umri huo na chupa yake ya chai yenye dawa ilikaa mezani kila siku. Sisi tulidhani Wanjugu anataka kusomea gome. Akasema hapana, yeye anataka kile kinachoishi ndani ya mti. Alinieleza jioni moja tukichambua sukuma wiki. Ndani ya jani lenye afya kabisa, alisema, huishi kuvu ndogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo haiozeshi mti wala haiudhuru. Mti huipa makao na chakula, nayo hutengeneza sumu ya kuwafukuza wadudu wengine wanaotaka kuingia. Sumu hiyo ikipatikana nje ya mti huenda ikawa dawa ya binadamu. Nilimuuliza kama kuna kuvu hata ndani ya hii sukuma niliyoshika. Akasema bila shaka, tena za aina nyingi. Siku hiyo nilikula ugali na maziwa.

Kazi yenyewe haikuwa na maringo. Alikata vijiti na majani ya muiri, akaviosha kwa spiriti na Jik ya kufulia hadi kila kilichokuwa juu ya ngozi ya jani kikafa. Kisha akavikata vipande vidogo na kuvilaza katika visahani vyenye chakula kilichoganda kama jeli. Chochote kilichoota baada ya hapo kilikuwa kimetoka ndani. Chakula hicho hutengenezwa kwa maji ya viazi, sukari, na unga fulani wa mwani unaogandisha. Kuna unga wa dukani uliokwisha kuchanganywa, lakini wa chuo ulikuwa umeisha na mwingine haukuwa umefika, basi akaamua kujipikia. Alinunua viazi Dagoretti Corner akitoka kazini, akavimenya, akavichemsha katika sufuria kubwa kuliko zote jikoni, akachuja maji na kuyapeleka chuoni kwa kidebe. Huko yalichemshwa tena kwa mvuke mkali ili kisibaki kijidudu hai.

Mama aliyatazama haya yote akiwa amekunja mikono. Mama ni mwanamke wa kanisa, na katika maisha yake yote amepigana na ukungu: kwenye mahindi, kwenye mkate, kwenye makoti ya Baba wakati wa baridi ya Julai. Sasa alikuwa ameletewa mkaza mwana anayeufuga. Lakini alidhani viazi ni vya wanafunzi wa shule, akavumilia.

Mapema mwaka wa 2005 kuvu moja nyeupe, yenye kingo za kijivu, ilifanya maajabu. Wanjugu alikuwa amejaza kisahani bakteria wa aina inayotia usaha kwenye vidonda, wale sugu ambao dawa za kawaida zimeanza kushindwa nao. Akaweka kipande cha kuvu katikati. Bakteria wakaota kisahani kizima isipokuwa pale katikati. Kuizunguka ile kuvu kulikuwa na duara safi, hakuna kilichothubutu kusogea. Alikuja nyumbani na picha yake, akapita sebuleni bila kuvua viatu, akamwonyesha Mama jikoni. Mama akauliza kama hiyo ni chapati. Baba yeye alivaa miwani, akaishika ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya mwenye mali kwamba huo ni mti wake. Wanjugu alicheka hadi akashika ubavu. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yake.

Msimamizi wake alikuwa Daktari Kivuva, mtu wa Kitui, mpole wa sauti lakini mgumu kushawishika. Alimpongeza, kisha akamwambia arudie jaribio hilo hadi limchoshe. Wanjugu akarudia mara kadhaa, na kila mara duara likatokea. Jina lake likaanza kutajwa kwenye korido za idara.

Ndipo Mama akagundua viazi ni vya nini. Sijui nani alimwambia. Namshuku Karanja, ambaye hajui kunyamaza. Kusikia kwamba sufuria yake kubwa inapikia ukungu, Mama alisimama kwenye mlango wa jiko na kutangaza kwamba sufuria hiyo ni ya watu, na anayetaka kulisha wadudu anunue yake. Wanjugu alinijia mimi, nami kesho yake nikatoka Ngara na sufuria mpya nzito, ile ya kung'aa hadi unaweza kujipaka lipstiki ukijitazama ndani yake. Amani ikarudi nyumbani, nikajiona mpatanishi wa mataifa.

Duara halikuonekana tena.

Kuvu yenyewe ilikuwa nzima. Iliota vizuri kuliko mwanzo, ikanenepa na kujaza nafasi. Ila bakteria nao waliota bila wasiwasi hadi mlangoni pake. Wanjugu alibadilisha viazi, akabadilisha sukari, akarudi kwenye mti na kuchukua majani mapya kutoka tawi lile lile. Unga wa dukani ulipofika chuoni akautumia huo. Hakuna kitu. Akawa anatoka nyumbani kabla hatujaamka na kurudi amenyamaza kupita kawaida yake, na usimuulize kulikoni.

Siku ya kuwasilisha kazi mbele ya idara ilifika akiwa na picha nzuri za zamani na visahani vibovu vya sasa. Alieleza yote mawili bila kuficha. Mwanafunzi mmoja wa uzamifu aliyeitwa Dalmas, kijana wa tai na maneno matamu, akainua mkono na kuuliza, kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi, kama huenda tone la dawa ya hospitali lilidondokea visahani vya kwanza. Kwa maneno mengine, kama mwalimu alitia dawa ya famasi na kudai ni kuvu. Hakuna aliyemkemea. Daktari Kivuva mwenyewe aliandika kwenye ripoti kwamba matokeo hayo si ya kutegemewa. Kamati ikampa Wanjugu hadi kikao kijacho: arudie matokeo yake, au kazi ifutwe, sababu iandikwe kwenye faili lake, na mwajiri wake apewe habari.

Hebu lifikirie hilo. Mwalimu aandikiwe kwamba alighushi, kisha asimame mbele ya wasichana na kuwakataza kuibia mtihani. Angewatazamaje usoni? Mimi nilitaka niende nikamtafute huyo Dalmas na tai yake. Karanja, ambaye hupenda amani hata pasipo na sababu, alimshauri ajiondoe kimyakimya, shahada si chakula.

"Nikiacha saa hii," Wanjugu akamwambia, "watasema ilikuwa kweli."

Karanja hakurudia tena ushauri huo. Mama naye alinyamaza, na Mama akinyamaza huwa kuna jambo, lakini sikuwa na nafasi ya kumchimba.

Jumapili moja tulikuwa na wageni wa kanisa kwa chakula cha mchana. Walipoondoka, jikoni palikuwa pamefurika vyombo. Wanjugu alikuwa wa kwanza kukunja mikono ya blauzi. Nadhani alitaka kazi ambayo mwisho wake unaonekana, maana sahani ikioshwa husafika, basi. Mimi nilikuwa nafuta. Alipomaliza vyombo vya wageni akaendelea na vya rafuni, na chini kabisa akaitoa ile sufuria kubwa ya Mama, iliyokuwa na rangi nyekundu ya udongo ndani yote. Akaimwagia maji ya moto na sabuni, akaanza kuisugua kwa steelwool. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anaomba msamaha kwa ajili ya yale ya viazi.

Mama aliingia na trei ya vikombe.

"Wewe, wacha!" akasema. "Hiyo haioshwangi na sabuni."

Wanjugu akaomba radhi, akasema aliiona chafu. Mama akaweka trei chini na kumweleza, kwa subira ya mtu anayejizuia, kwamba huo si uchafu, ni dawa. Humo ndimo anamochemshia Baba gome la muiri kila Jumamosi. Mama yake mzazi alimfundisha kwamba sufuria ya dawa husuuzwa kwa maji matupu, sabuni huifukuza dawa, naye ameshika hivyo tangu alipoolewa. Jumamosi Wanjugu huwa darasani mjini. Chupa ya Baba tuliiona sote mezani kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kujiuliza dawa inapikwa ndani ya nini.

Wanjugu alikuwa bado ameshika steelwool. Maji kwenye sinki yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya strungi, na yeye alikuwa anayatazama.

"Mama," akasema polepole, "hata wakati nilikuwa nachemsha viazi, hii rangi ilikuwa?"

"Si ndiyo hiyo. Ilikuwa, na ulikuwa unachukua bila kuuliza."

Basi wifi yangu, mwenye adabu zote zile, akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa na kuanza kucheka. Mama aliniangalia mimi. Nami niliwaza kwamba sasa masomo yamempanda kichwani, nikazima gesi iwapo tungehitaji kumkimbiza hospitalini. Ilichukua muda kabla hajaweza kusema kitu cha kueleweka.

Alichosema ni hiki. Kuvu ile imezaliwa na kukulia ndani ya muiri. Ukiipikia viazi kwenye sufuria yenye muiri, maji yanabeba kidogo cha mti, nayo huonja kwao na kudhani iko nyumbani, kwa hivyo inatengeneza ile sumu ya kulinda nyumba. Ukiipikia kwenye sufuria mpya ya Shiru, inapata chakula kingi kisicho na ladha ya kwao. Haina mti wa kulinda, basi inakula na kulala. Nikamwambia namjua mtu wa hivyo, ni Karanja akiwa likizo.

"Kwa hivyo shida ilikuwa ni usafi?" Mama akauliza, na hakuonekana kufurahishwa na jibu.

Jumatatu hiyo Wanjugu alichemsha kipande cha gome pamoja na viazi, ndani ya ile sufuria yangu inayong'aa. Siku zilizofuata nilimwona akitoka na kurudi, simuulizi, yeye hasemi. Kisha alasiri moja akanijia dukani Ngara kwa miguu kutoka chuoni. Nilikuwa nimezungukwa na wateja wa zipu. Akasimama katikati ya kaunta na marobota, akasema kwa sauti ya chini kwamba duara limerudi, tena ni kubwa kuliko la mwanzo. Nilipiga kelele iliyomtoa jirani yangu Kiragu dukani kwake na rungu mkononi, akidhani tumevamiwa. Tulimpa soda.

Mimi kwangu kazi ilikuwa imekwisha. Wanjugu akanirudisha duniani. Nani ataamini? Visahani vizuri vya kwanza vilikuwa vya mkono wake, na hivi pia ni vya mkono wake. Dalmas atauliza tena kuhusu tone la dawa, na safari hii atasema mwalimu amefanya mazoezi. Alikuwa amewaza haya yote akitembea kutoka chuoni, na jibu alikuwa nalo: matokeo lazima yatoke kwenye mkono wa mtu aliyemkataa.

Alimwendea Daktari Kivuva ofisini na kumweleza habari ya sufuria. Hebu fikiria aibu yake, mtu wa sayansi kukiri kwamba chakula chake cha maabara kilipikwa kwenye sufuria ya dawa ya mzee, isiyooshwa. Angeweza kutafuta maneno makubwa ya kuifunika. Hakutafuta. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamrushia swali lililokuwa la haki: je, kama ni gome lenyewe linaloua bakteria, na kuvu haina kazi yoyote hapo? Wanjugu alikuwa amelitarajia. Akamwambia atengeneze visahani vya aina tatu: chenye gome bila kuvu, chenye kuvu bila gome, na chenye vyote viwili. Atumie unga wa dukani, kuvu aitoe mwenyewe kwenye friji ya chuo, gome alichemshe mwenyewe. Yeye Wanjugu hatagusa chochote wala kukanyaga maabara hadi aitwe. Akaacha mfuko wa karatasi wenye gome juu ya meza na kutoka.

Kungoja kulinishinda mimi kuliko yeye. Aliendelea kufundisha, kusahihisha mitihani, kwenda kanisani. Mimi niligombana na wateja wawili wa Thika na mwanamke mmoja wa kununua elastiki, watu wasio na kosa lolote. Kila nikimtazama nilitaka kumuuliza, itakuwaje Daktari akikosea kupima, itakuwaje kuvu ikikataa mkono wa mgeni. Sikuuliza. Nilijua anajiuliza hayo hayo.

Siku ya kikao Mama alitoka chumbani amevaa nguo ya Jumapili na kitambaa chake cha kikundi cha akina mama, akatangaza kwamba anakuja, kwa kuwa sufuria yake inashtakiwa. Karanja aliomba ruhusa kazini. Baba alibaki, maana hakuweza kukaa mbali na choo, lakini alitusindikiza hadi getini na kumpa Wanjugu mkono kama wanaume wanavyopeana. Ukumbi ulikuwa wazi kwa wote. Mama akapita viti vya nyuma vyote na kukaa mstari wa mbele, tukalazimika kumfuata.

Daktari Kivuva aliingia na trei iliyofunikwa kitambaa cheupe. Akasema kwamba visahani hivyo amevitayarisha yeye, ufunguo wa chumba ulikaa mfukoni mwake, na mwanafunzi anayehusika hakuingia. Akainua cha kwanza, chenye gome tupu. Bakteria walikuwa wamekijaza. Akainua cha pili, chenye kuvu peke yake. Bakteria tena, kote. Nilisikia mkono wa Mama ukinishika paja, na kucha zake si fupi.

Cha tatu hakukiinua. Alishuka nacho hadi alipoketi Dalmas, akamwomba awasomee watu anachokiona. Dalmas alikishika, akakielekeza dirishani, akakigeuza, akakielekeza tena. Mwenyekiti wa kamati akakohoa.

"Ni safi," akasema hatimaye. "Imesafisha mpaka karibu na ukingo."

Daktari akampa rula apime, akapima, akasoma kipimo kwa sauti. Kisha Daktari akasema amerudia jaribio hilo tena na tena na kila mara limekuwa hivyo. Alirudi mbele, akavua miwani, na sauti yake ile ya upole ikafika hadi nyuma ya ukumbi.

"Niliandika kwamba matokeo ya Mwalimu Wanjugu si ya kutegemewa. Nimeyafuta maneno hayo. Nayafuta mbele ya watu kwa sababu niliyaandika mbele ya watu."

Makofi yalianzia nyuma kwa wanafunzi, yakaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Karanja alisimama. Mimi nilikuwa nimeshasimama zamani, na nilichosema nikimtazama Dalmas nakiacha hapo hapo. Wanjugu peke yake ndiye aliyekuwa ameketi, mikono mapajani, akikitazama kile kisahani kilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Mwenyekiti, Profesa Mbithe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akamuuliza chakula chake cha kwanza kilipataje gome. Wanjugu akasimama na kueleza yote: viazi vya Dagoretti Corner, muiri wa Jumamosi, sabuni isiyotumika, sufuria mpya iliyoharibu mambo. Ukumbi ukacheka, kicheko kizuri, cha watu waliotua mzigo. Hapo Mama akainuka bila kuitwa na kusema angependa ieleweke kwamba sufuria yake si chafu. Profesa akainuka kitini kwa heshima na kumwambia kwamba kamati imesikia, na itaandikwa hivyo. Kabla hatujatoka walikuwa wamekubali kazi ya Wanjugu, na kumwomba aendelee nayo hadi uzamifu, na idara impe chumba chake cha kufanyia kazi. Dalmas alikuja kumpa mkono. Wanjugu akaupokea, maana ndivyo alivyo. Mimi nilikuwa nimebeba mikoba, mikono yangu haikuwa na nafasi.

Mtaniuliza dawa iko wapi. Haipo dukani. Wanjugu anasema kutoka kisahani hadi kidonge ni safari ya miaka mingi na watu wengi, na sumu nyingi nzuri hufia njiani. Wanaomwambia kwamba kumbe alisumbuka bure huwa hawajui alikuwa anapigania nini.

Siku ile ya kikao, tulipofika kwenye korido, mbali na watu, Wanjugu aliegemea ukuta na kulia. Alikuwa hajalia siku ya Dalmas, wala siku ya ripoti, wala zile siku za kungoja. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Mama alimfikia kabla yetu, akamvuta kifuani.

"Mama, nilikuwa nasema ukweli," Wanjugu akasema.

Mama yangu si mtu wa kubembeleza, na uongo wa kumfariji mtu hauwezi.

"Mimi nilikuwa nimekushuku, Mwalimu," akamwambia. "Nilikuwa naomba Mungu akusamehe hiyo uongo. Sasa naanza kuomba anisamehe mimi."

Wanjugu alimtazama, machozi bado yanatiririka, na polepole akaanza kutabasamu. Akamkumbatia Mama kwa nguvu hadi kitambaa cha kanisa kikaenda upande, na Mama hakukirekebisha. Wakasimama hivyo hadi wanafunzi wakaanza kutupita. Kisha Wanjugu akafuta uso kwa kiganja, akauliza ni saa ngapi, kwa kuwa kidato cha pili walikuwa na somo lake baada ya chakula cha mchana.